Kingstanding hadi Hola: Nani Mwenye Kujibia Gereza la Vita?

Kaskazini mwa jiji la Birmingham, hapa Uingereza, kuna mtaa unaoitwa Kingstanding. Ni mtaa wa watu wa kawaida. Nyumba zake nyingi zilijengwa na halmashauri ya jiji kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ajili ya familia zilizokuwa zimebanana katikati ya jiji. Kuna mzunguko wa barabara wenye maduka ambao wenyeji wanauita Circle tu, na kuna jengo la sinema ya Odeon la mwaka 1935 ambalo baadaye liligeuzwa ukumbi wa bingo. Siku hizi, ukisimama kituo cha basi alfajiri, huenda ukasikia Kiswahili, maana ndugu zetu wa Afrika Mashariki wameenea Birmingham nzima, na wengi wao kazi zao ni za hospitali na za kuwatunza wazee.

Kilichotupeleka huko safari hii, wasomaji wapenzi, ni jina lenyewe la mtaa. Maana yake ni mahali aliposimama mfalme. Kando ya barabara kuna kituta kidogo cha udongo, kinachosemekana kuwa kaburi la watu wa kale sana, ambacho ukipita na gari hukioni. Wenyeji wanasimulia kwamba mwezi Oktoba mwaka 1642 Mfalme Charles wa Kwanza alisimama juu ya kituta hicho akalikagua jeshi lake, siku chache kabla ya pigano kubwa la Edgehill la tarehe 23 mwezi huo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na Bunge ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza.

Msomaji anaweza kuuliza, kituta cha mfalme wa Kiingereza wa karne ya 17 kinatuhusu nini sisi? Tutafika huko. Kwanza tueleze tulichokisikia kutoka kwa mwenyeji wetu.

Mwenyeji wetu ni dada mmoja mzaliwa wa Nyeri, aliyeomba tusimtaje jina kwa sababu ya kazi yake. Anawahudumia wazee majumbani mwao. Alitusimulia kwamba miaka kadhaa iliyopita alikuwa akimtunza mzee mmoja wa Kiingereza, mtu mpole, mpenda chai. Siku moja mzee akamuuliza anatoka wapi Kenya. Alipomjibu kuwa ni Nyeri, mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema Nyeri anaijua. Alikuwa huko akiwa na umri wa miaka 19, enzi ambazo kila kijana wa Kiingereza alilazimika kutumikia jeshi.

"Nikamuuliza, mlikuwa mkifanya nini huko? Akasema, tulikuwa tunalinda watu. Basi. Hakuongeza neno, na mimi nikaendelea kumfunga vifungo vya shati," anasema dada yetu.

Babu yake dada huyo, baba wa mama yake, alifungwa Manyani. Mzee wa Birmingham amekwisha kufariki, na babu wa Nyeri alifariki zamani. Dada hana kinyongo na yule mzee, anasema hivyo na tunamwamini. Swali analobaki nalo ni jingine: kijana wa miaka 19 hakujituma mwenyewe. Nani alimtuma, na je, huyo aliyemtuma aliwahi kuulizwa?

Hilo ndilo swali lililotufanya tukitazame kile kituta kwa jicho jingine.

Katika vita vile vya karne ya 17, Birmingham ilikuwa upande wa Bunge. Wahunzi wake walifua panga kwa ajili ya jeshi la Bunge, na wakazi wake walivamia vikundi vidogo vya watu wa mfalme, wakawateka na kuwapeleka mji wa Coventry, ulio mwendo wa kilomita 30 hivi. Baadhi ya wajuzi wa lugha wanasema hapo ndipo ulipozaliwa usemi wa Kiingereza wa kumpeleka mtu Coventry, maana yake kumsusa na kutomsemesha. Mateka wa vita, kwa hiyo, si jambo geni katika eneo hili.

Mwezi Januari mwaka 1649 yule aliyesimama juu ya kituta alisimamishwa mbele ya mahakama mjini London. Hati ya mashtaka iliyoandaliwa na wakili John Cook haikudai kwamba mfalme alimchoma mtu mkuki kwa mkono wake. Ilidai kwamba mauaji, uporaji na uharibifu wote uliotendwa katika vita hivyo ulikuwa juu ya shingo yake. Miongoni mwa mashahidi alikuwapo mtu aitwaye Humphrey Browne, ambaye alieleza mambo ya Leicester ya mwaka 1645. (Ndiyo, Leicester hiyo hiyo ambayo wengi wetu tunaijua kwa sababu ya ndugu zetu wa Kihindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972.) Askari wa Bunge waliokuwa katika ngome moja ya mji huo walijisalimisha kwa ahadi kwamba hawatadhuriwa. Walipokwisha kuweka silaha chini wakavuliwa nguo na kukatwa kwa mapanga. Kwa mujibu wa shahidi, afisa mmoja wa mfalme aliwakemea askari waliokuwa wakifanya hivyo. Lakini mfalme mwenyewe, akiwa juu ya farasi na amevaa deraya inayong'aa, akasema hajali hata wakikatwa mara tatu zaidi ya hapo, kwa kuwa ni adui zake.

Ushahidi huo ulisikilizwa bila mfalme kuwapo, kwani alikataa kuitambua mahakama. Alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649. Tusijidanganye, ile ilikuwa mahakama ya washindi, na upepo ulipogeuka mwaka 1660, John Cook naye akauawa kikatili. Hata hivyo swali aliloliuliza halikufa naye: mkuu wa jeshi akiona mateka wanateswa mbele yake na asizuie, je, damu ile si yake?

Iliwachukua walimwengu miaka mingi kulijibu swali hilo kwa maandishi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Jenerali Yamashita wa Japani alishitakiwa mjini Manila kwa kushindwa kuwazuia askari wake waliowaua raia na kuwatesa mateka nchini Ufilipino. Alijitetea kuwa mawasiliano yalikatika na hakujua. Hakusadikiwa, akanyongwa Februari 1946. Wako wanasheria ambao mpaka leo wanaona alionewa. Kisha ukaja Mkataba wa Tatu wa Geneva wa tarehe 12 Agosti 1949, unaohusu wafungwa wa vita. Kifungu cha 12 kinasema mfungwa yuko mikononi mwa dola iliyomkamata, si mikononi mwa askari au kikosi kilichomkuta porini. Kifungu cha 39 kinataka kila kambi ya wafungwa wa vita iwe chini ya mamlaka ya moja kwa moja ya afisa wa jeshi rasmi la nchi hiyo. Afisa huyo awe na nakala ya mkataba, na ahakikishe kwamba walinzi wake wanaujua. Kwa lugha nyepesi, kila gereza la vita lazima liwe na mtu mwenye jina na cheo, ambaye likitokea jambo ndiye wa kuulizwa.

Nchini Kenya utaratibu wa namna hiyo ulikuwa unajulikana vizuri, tena kabla ya mwaka 1949. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa na makumi ya maelfu ya mateka wa Kitaliano, waliokamatwa Uhabeshi na Somalia. Waliwekwa Nanyuki, Gilgil, Naivasha, Nyeri na kwingineko. Walifanya kazi za barabara, na lile kanisa dogo la Mai Mahiu, chini ya mteremko wa Bonde la Ufa, ni wao waliolijenga mwaka 1942. Januari 1943 Mtaliano Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya Nanyuki ili wapande Mlima Kenya. Wawili kati yao wakafika kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya Italia, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Mkuu wa kambi aliwahukumu siku 28 za kifungo cha peke yao, akawatoa baada ya siku saba kwa kuwa alipendezwa na ushujaa wao. Mateka hao walikuwa na mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 nyuma yao, na walikuwa na afisa anayejulikana mbele yao.

Miaka kumi baadaye, chini ya mlima huo huo, mambo yalikuwa tofauti kabisa.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya ili kupambana na Mau Mau. Yakaletwa majeshi kutoka Uingereza, zikaletwa ndege za kudondosha mabomu katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Lakini serikali haikukubali kuiita vita. Ilikuwa ni fujo, ni uhalifu, ni ugonjwa wa akili, ilimradi isiwe vita. Na pasipokuwa na vita hapawi na wafungwa wa vita. Pasipokuwa na wafungwa wa vita hakuna Kifungu cha 39, wala hakuna afisa mwenye nakala ya mkataba mfukoni. Ujumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu haukuruhusiwa kuzitembelea kambi za Kenya mpaka mwaka 1957, zaidi ya miaka minne tangu hali ya hatari itangazwe.

Mwezi Juni 1953 aliwasili Jenerali George Erskine, amirijeshi mkuu. Husimuliwa kuwa ndani ya kibweta cha miwani yake alikuwa na barua ya Waziri Mkuu Winston Churchill iliyomruhusu kutangaza utawala wa kijeshi na kuchukua madaraka yote wakati wowote aonao unafaa, na kwamba walowezi walipomchosha alikuwa akikifungua na kukifunga kibweta hicho mbele yao, paa, paa. Barua hiyo hakuitumia kamwe. Machi 1954 likaundwa Baraza la Vita. Jina lilikuwa hilo hilo, ingawa vita eti haikuwapo. Ndani yake walikuwamo Gavana, naibu wake, Jenerali Erskine, na Michael Blundell kwa niaba ya walowezi. Tarehe 24 Aprili 1954 likafuata zoezi lililoitwa Operesheni Anvil. Maelfu ya askari waliizingira Nairobi, wakapita nyumba kwa nyumba, wakakamata zaidi ya watu 20,000, Wakikuyu, Waembu na Wameru, na kuwasafirisha kwenda Langata, Mackinnon Road na Manyani. Kufikia mwisho wa mwaka huo, kwa hesabu ya serikali yenyewe, waliokuwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani walizidi 70,000. Manyani ikajaa kupita kiasi na homa ya matumbo ikalipuka.

Hapa ndipo penye fundo la habari yetu. Aliyepanga Anvil ni jeshi. Walioendesha mahojiano ni makundi ya wachunguzi, wengi wao walowezi na homugadi. Wenye funguo za kambi ni idara ya magereza, na wenye kuamua nani atoke ni maafisa wa utawala wa wilaya. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha yule mfungwa, na hapakuwa na aliyekuwa naye mzima. Ukimuuliza jenerali, alikuwa amekwisha kumkabidhi. Ukimuuliza bwana jela, yeye alimpokea tu.

Na si kwamba jenerali hakujua. Wiki chache tu baada ya kuwasili, Erskine alitoa amri kwa majeshi yake akikataza kuwatendea watu vibaya, na Desemba 1953 alimwandikia waziri wa vita mjini London akikiri kwamba kabla ya kufika kwake palikuwa na ufyatuaji risasi wa ovyo uliofanywa na jeshi na polisi, na kwamba ana hakika wafungwa walipigwa ili watoe habari. Alimfikisha Kapteni Gerald Griffiths mbele ya mahakama ya kijeshi, na mwaka 1954 kapteni huyo akahukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa ukatili dhidi ya wafungwa. Tunampa Erskine haki yake kwa hilo. Wenzake wengi hawakufanya hata hayo. Lakini macho yake yaliishia pale lori la wafungwa lilipotoka katika himaya ya jeshi. Yaliyotokea mbele ya hapo hakuyahesabu kuwa yake, na huyo ndiye mtu mwenye ile barua katika kibweta cha miwani. Kwa maoni yetu, anayewakamata watu kwa maelfu kwa amri moja hawezi kusema hajui walikolala.

Upande wa polisi, Kanali Arthur Young, aliyeletwa kutoka London kusafisha jeshi la polisi la Kenya, alijiuzulu Desemba 1954 kabla hajamaliza mwaka, kwa kuwa kila alipofuatilia maovu ya homugadi alikuta mlango wa gavana umefungwa. Mwezi uliofuata, Januari 1955, Baring akatangaza msamaha wa pande mbili: wa Mau Mau watakaojisalimisha, na wa homugadi na askari wa serikali kwa waliyokwisha kuyatenda.

Jeshi lilijitoa katika mapambano mwishoni mwa 1956, lakini kambi ziliendelea. Mwaka 1957, katika kambi za Mwea, ukaanzishwa utaratibu wa kuwavunja kwa nguvu wale waliokuwa wakaidi. Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia gavana akieleza mipaka ya kipigo, ni sehemu zipi za mwili zisipigwe, na akaongeza maneno ambayo leo yanajulikana sana: kwamba kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimya kimya. Tuliposoma barua hiyo kwa mara ya kwanza, kilichotushitua zaidi ni unadhifu wake. Imeandikwa na mtu aliyekaa mezani, mwenye elimu, na ambaye bila shaka alikunywa chai baada ya kuitia saini.

Kisha Hola. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi hiyo iliyo kando ya mto Tana, wafungwa 85 walitolewa nje kwenda kulimishwa kwa nguvu kufuatana na mpango ulioandikwa na John Cowan, afisa mwandamizi wa magereza. Mpango ulipanda ngazi ukaidhinishwa Nairobi, ukashuka tena. Walinzi wakawapiga wafungwa kwa marungu. Wakafa 11. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Wambugu wa Nyingi, aliyekuwa kizuizini tangu mkesha wa Krismasi wa 1952, alidhaniwa amekufa akawekwa pamoja na maiti. Aliishi, na zaidi ya miaka 50 baadaye alikuja London kuyaeleza hayo.

Na hapa Birmingham inarudi katika habari, tena kwa njia ambayo hatukuitarajia. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959, Bunge la Uingereza lilipojadili mauaji ya Hola, mtu aliyetoa hotuba kali kuliko zote alikuwa Enoch Powell, mzaliwa wa mtaa wa Stechford hapa hapa Birmingham, mbunge wa Wolverhampton na mwanachama wa chama tawala. Alikataa hoja kwamba kosa liishie kwa mkuu wa kambi. Alisema waliouidhinisha mpango ndio wenye kuubeba, na kwamba Waingereza hawawezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwa Afrika na kingine kwa nyumbani kwao. Huyu ni Powell yule yule ambaye tarehe 20 Aprili 1968, katika hoteli moja ya jiji hili hili, alitoa ile hotuba ya kuwashambulia wahamiaji ambayo wazee wetu waliokuwa hapa hawajaisahau. Binadamu ni kitendawili. Lakini juu ya Hola alisema sawa, na hakusikilizwa: mkuu wa kambi alistaafishwa bila kupoteza kiinua mgongo chake, na juu yake hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Mwezi Juni 2009 Wakenya watano walifungua kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza. Wakili wa serikali alijibu kwamba madeni yote ya koloni yalihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru, tarehe 12 Desemba 1963. Yaani waliopigwa wakaidai nchi yao wenyewe! Jaji McCombe aliamua Julai 2011 kwamba kesi ina msingi wa kusikilizwa, na moja ya mambo yaliyokuwa mezani ni nafasi ya jeshi na amirijeshi wake katika mfumo mzima wa kambi. Wakati kesi ikiendelea serikali ikakiri kuwa katika ghala la Hanslope Park ilikuwa imeficha maelfu ya faili zilizohamishwa kutoka makoloni 37. Oktoba 2012 jaji akaruhusu Nyingi, Paulo Nzili na Jane Muthoni Mara waendelee. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, aliliambia Bunge kuwa serikali inasikitika, na kwamba italipa pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwamo, kwa watu 5,228. Alisema pia serikali haikubali kuwajibika kisheria. Kesi nyingine ya watu zaidi ya 40,000 ilitupwa mwaka 2018, sababu kubwa ikiwa ni kwamba muda umepita mno.

Je, mambo yamebadilika tangu enzi za Hola? Mwezi Septemba 2003 mjini Basra, Irak, askari wa Uingereza walimkamata Baha Mousa, mpokea wageni wa hoteli mwenye umri wa miaka 26. Alikufa mikononi mwao baada ya saa 36 hivi, mwili wake ukiwa na majeraha 93. Askari saba walishitakiwa. Aliyetiwa hatiani ni koplo mmoja aliyekiri kosa, na akafungwa mwaka mmoja. Kamanda wa kikosi, Kanali Jorge Mendonca, aliachiwa huru Februari 2007. Tume ya Sir William Gage iligundua mwaka 2011 kwamba kuwavika mateka magunia kichwani, jambo lililopigwa marufuku na Waziri Mkuu Edward Heath mwaka 1972, kulikuwa kumerudi kwa kuwa wizara ilikuwa imesahau marufuku yake yenyewe. Na mbinu hizo zilitoka wapi? Ripoti ya Lord Parker ya mwaka huo wa 1972 inataja mahali zilipokuwa zimetumika, na Kenya imo katika orodha.

Wamarekani nao walikuwa na Abu Ghraib. Novemba 2003 gereza hilo liliwekwa chini ya kanali wa ujasusi wa kijeshi huku walinzi wakibaki wa Brigedia Jenerali Janis Karpinski. Picha zilipovuja mwaka 2004, kila mmoja alimnyooshea kidole mwenziwe. Karpinski alishushwa cheo akawa kanali, na waliofungwa jela ni askari wa vyeo vya chini. Msomaji aliyefuatana nasi tangu Manyani ataitambua hadithi hiyo.

Sheria, angalau kwenye karatasi, imeyaziba matundu haya. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Roma, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2002, kinambana kamanda aliyejua au aliyepaswa kujua na hakuzuia wala kuadhibu. Kinambana pia mkubwa wa kiraia, kwa hiyo hata gavana hawezi kujificha nyuma ya jenerali. Lakini kuitumia ni kazi. Jean-Pierre Bemba wa Kongo alitiwa hatiani mwaka 2016 kwa waliyoyafanya askari wake Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwaka 2018 majaji wa rufaa, watatu kwa wawili, wakamwachia, wakisema yeye alikuwa mbali na hatua alizochukua hazikupimwa ipasavyo. Mwaka 2023 akateuliwa waziri wa ulinzi wa nchi yake. Na mwezi Mei 2025 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu raia waliozuiliwa na kuteswa na M23 Goma na Bukavu. Nani mkuu wa vizuizi hivyo, kwa jina na cheo? Familia zilizopo nje ya milango yake zinauliza hivyo kwa Kiswahili.

Huku Uingereza nako, sheria ya mwaka 2021 kuhusu operesheni za kijeshi nje ya nchi imeweka kikomo cha miaka sita kwa kesi za madai ya kuumizwa. Wambugu wa Nyingi alisubiri nusu karne.

Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles wa Tatu, ambaye kikatiba ndiye mkuu wa majeshi ya Uingereza, alisimama Ikulu ya Nairobi akasema vitendo vya ukatili walivyotendewa Wakenya havina udhuru. Samahani hakuitamka. Dada yetu aliitazama hotuba kwenye simu yake, ndani ya basi, akirudi kutoka kazi ya usiku.

Tulipokuwa tukiagana naye pale Circle alituuliza zile faili zilizofichuliwa ziko wapi siku hizi. Ziko Kew, London, katika Hifadhi ya Taifa, mfululizo namba FCO 141. Kuzisoma hakulipiwi, unahitaji kadi ya msomaji, na kadi unaipata kwa kitambulisho. Ameomba likizo ya siku mbili. Anataka kuanza na Manyani, mwaka 1954, atafute jina la aliyekuwa mkuu wa kambi.